KUSHIKA NI KUMOJA, KUKAMATA NI KWINGINE

Watu wa Nyamarambe, katika Mugirango Kusini, wengi wao hulelewa kwa Ekegusii, na Kiswahili hukipata zaidi shuleni na sokoni. Basi kwa kila namna ya kuzuia kitu mkononi, wengi hutumia neno moja tu, kushika. Lakini Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hilo, wala hayalingani.

Kushika ni neno pana, halielezi nguvu wala nia. Mtu hushika jembe, hushika njia, hushika dini. Kukamata ni kushika kwa nguvu kiumbe kiwezacho kutoroka, kama kuku au mwizi. Kufumbata ni kukiweka kitu ndani ya kiganja na kukifumba, kama mtoto afumbatavyo senti aliyotumwa nayo dukani. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Kukumbatia ni kumzungushia mtu mikono kwa mapenzi. Kubana ni kukaza kitu baina ya vitu viwili, kama karani abanavyo faili kwapani.

Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alieleza kwamba mwisho wa -ta huonyesha kugusana kwa vitu. Ndiyo sababu fumba huzaa fumbata, na paka huzaa pakata.

Yapo tena maneno mawili yanayohitaji hadhari. Kushikilia ni kuendelea kushika bila kuachia. Kung'ang'ania ni kushikilia kwa ukaidi, hata mtu akiombwa aache.

Mathalan, ng'ombe ameingia katika mahindi ya jirani, na mwenyewe anamwandikia chifu barua. Akiandika, "Jirani amemshika ng'ombe wangu," hajamlaumu mtu. Huenda jirani aliokoa mahindi yake tu. Akiandika, "Amemshikilia," asema kwamba jirani hajamwachia. Akiandika, "Amemng'ang'ania," amekwisha kumshtaki jirani kwa ukaidi, kabla hajaulizwa neno. Ujirani wa miaka mingi waweza kuvunjika kwa kitenzi kimoja.

Katika mambo ya sheria hatari ni kubwa zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, wala si zaidi ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha wakati mahakama haiketi. Hapo hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Kukamatwa ni tendo la mara moja. Kuzuiliwa ni hali inayoendelea. Saa huhesabiwa tangu kukamatwa. Karani aandikaye tu kwamba mtu "alishikwa" bila kutaja saa, huenda akamnyima haki yake.

Kwa hiyo yafaa mwandishi ajiulize kwanza mambo matatu: kilichoshikwa kilikuwa kitu gani, kilishikwa kwa nguvu kiasi gani, na je, kimekwisha kuachiwa? Akipata majibu, neno lifaalo atalipata.