Kumzoesha Mbuna Makao Mapya

Mji wa Mbinga umo katika milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Samaki achukuliwaye Mbamba Bay na kupandishwa hadi maabara ya shule iliyoko milimani huhamishwa kwa saa chache kutoka maji ya vuguvugu yenye alkali hadi penye baridi na maji ya vijito yenye madini machache. Akifa katika siku za mwanzo, aghalabu chanzo huwa ni maji, wala si ugonjwa.

Mbuna ni samaki wadogo waishio kwenye miamba ya ziwa hilo, na wengi wao hula mwani uotao juu ya mawe. Tangi lao la kioo hutayarishwa wiki kadhaa kabla hawajaletwa. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wa kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuenea katika mchanga na chujio, nao hulishwa kwa kutia chembe chache za chakula katika tangi tupu.

Vipande vya mawe ya chokaa huyeyuka polepole na kuongeza alkali. Chokaa iliyochomwa, ya kupaka kuta, isitumiwe kamwe, kwani huunguza matamvua ya samaki. Wakati wa baridi ya Juni na Julai huhitajika kipasha maji cha kudumisha joto la sentigredi 24 hadi 27.

Hatari nyingine huwamo katika mfuko wa safari. Samaki apumuapo hutoa kabonidayoksaidi, nayo hupunguza alkali ya maji. Hivyo amonia iliyomo hubaki katika umbo lisilo na madhara makubwa. Mfuko ukifunguliwa, gesi hiyo hutoka, alkali hupanda, na amonia hurudia umbo lake la sumu. Kwa sababu hiyo mfuko huelezwa tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 20 hivi, mpaka joto lilingane. Kisha hufunguliwa, na samaki huhamishwa kwa wavu bila kukawia. Maji ya mfuko humwagwa nje.

Dume la mbuna hulinda eneo lake kwa ukali, na mgeni aweza kuuawa. Mawe hupangwa upya siku hiyo, ili wenyeji nao wapoteze mipaka yao. Taa huzimwa, na wageni huingizwa kadhaa kwa pamoja. Mawe yaegemee sakafu ya tangi yenyewe, si mchanga, kwani mbuna huchimba na kuyaangusha. Siku ya kwanza hawapewi chakula. Baadaye hulishwa kidogo kidogo, hasa majani na mwani.

Jike likiacha kula huku taya lake la chini limevimba, lisidhaniwe kuwa linaumwa. Huenda limebeba mayai kinywani, na hukaa hivyo kwa muda wa wiki tatu hivi.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni zito kuliko yote. Mbuna wa mwamba mmoja mara nyingi hawavuki mchanga kwenda mwamba mwingine, na ndiyo maana rangi zao hutofautiana hata kwa umbali mfupi. Katika kisiwa cha Thumbi West, upande wa Malawi, mbuna walioletwa kutoka sehemu nyingine za ziwa wamezaana na wenyeji, na machotara wameonekana. Mwalimu apate kwanza kibali cha maofisa wa uvuvi. Na samaki akishatolewa ziwani, asirudishwe kamwe katika mwamba usio wake. Kosa la tangini huua samaki mmoja, bali kosa la ziwani laweza kufuta ukoo mzima.