Je, Wajua? ‘Uhuni’ wa Mbeya Ulivyofika Bungeni

Miaka ya 1990 kijana wa Kitanzania aliyevaa suruali pana na kughani juu ya mdundo aliitwa mhuni, basi. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, aliongeza kosa juu ya kosa. Alighani kwa Kiswahili cha mtaani, tena katika ‘Hali Halisi’ akaeleza ugumu wa maisha na kuwagusa wanasiasa bila kuzungukazunguka. Wanamuziki wa dansi na taarabu walizoea kuwasema wakubwa kwa mafumbo. Yeye hakuwa na subira hiyo, na nadhani ndiyo maana vijana walimwelewa upesi.

Mwaka 2010 wapiga kura wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni kwa tiketi ya CHADEMA, na 2015 wakamrudisha. Ulimi ule ule ulimponza: Februari 2018 mahakama jijini Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno ya kumfedhehesha Rais, akiwa bado mbunge. Aliachiwa Mei 10. Uchaguzi wa 2020 alishindwa na Tulia Ackson, ambaye mwaka 2022 alikuja kuwa Spika.