Bibi Titi: Kutoka Ngoma ya Bomba

Ndugu msomaji, ukitaja muziki mbele ya mwenyeji wa Morogoro hutachelewa kusikia majina mawili: Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, mwaka 1970. Wanastahili. Lakini katika mji uliokaa chini ya milima ya Uluguru, ambako Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, yashangaza kidogo kwamba wapiga dansi tunaowakumbuka ni wanaume watupu. Akina mama wengi wa zama zile sauti zao zilisikika ngomani. Huko ndiko alikotoka Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule hakupata nyingi, na aliozwa angali binti mdogo. Alichojaliwa ni sauti, nayo ikamfanya kiongozi wa waimbaji wa ngoma ya Bomba.

Tusiidharau ngoma ya siku zile, msomaji. Kikundi kilikuwa na viongozi wake, wanachama waliojuana hadi majumbani, na michango ya arusi na misiba. Mwuza vitumbua, mpika pombe na mwenye nyumba ya kupangisha walikaa hapo pamoja. Mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipozuru Dar es Salaam, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Jibu la maana halikuwapo. Ndipo Bibi Titi alipoombwa kuifanya kazi hiyo, naye hakuanzia ofisini. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, kikundi baada ya kikundi, akawaomba wawaite wenzao. Kufikia Oktoba mwaka ule ule waliokwisha kujiunga walikadiriwa kuwa 5,000. Wasomi wachache wa chama, pamoja na hotuba zao nzuri, wasingeweza kuzifikia nyua hizo kwa haraka namna ile.

Baada ya Uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania, akaingia Bungeni, akawa waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Kisha yakaja mazito: alikamatwa mwaka 1969, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Aliporudi nyumbani, wengi waliokuwa wakijaza baraza lake hawakuonekana tena. Kesi ile wenye kuandika historia wangali wakiijadili. Upweke ule hauhitaji mjadala.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara ya Bibi Titi Mohamed hupita katikati ya Dar es Salaam, na kila siku maelfu huivuka wakienda kazini. Ukiwa na mtoto mkononi, mwambie kwamba mwenye jina hilo alikuwa mwimbaji.