Fahamu: Chumba, sitaha au daraja la tatu katika meli za Ziwa Nyasa?

Ukitoka Mbinga, lami ya takriban kilomita 66 inakushusha hadi bandari ya Mbamba Bay. Hapo abiria wa meli huulizana: unalala wapi?

Chumba. Unapata kitanda, faragha na mlango wa kufunga mizigo. Kwa mwenye mtoto au mgonjwa, ni pesa iliyotumika vizuri. Lakini vyumba ni vichache, na chumba cha chini kinaweza kuwa na joto na mngurumo wa injini. Kilicho katikati ya meli hutikisika kidogo kuliko cha mbele.

Sitaha. Katika Ilala, meli ya Malawi iliyoanza kazi mwaka 1951, daraja la kwanza ni sitaha ya juu, si chumba. Hewa safi, nyota tele, bei nafuu kuliko chumba. Ila kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, mwera, huchafua ziwa. Bila blanketi utatetemeka hadi alfajiri.

Daraja la tatu. Bei ndogo kabisa, lakini unabanana na magunia ya mahindi na matenga ya dagaa.

Kabla ya kulipa. MV Mbeya II, meli ya Tanzania, hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, hivyo nafasi zina ukomo. Uliza bandarini mambo matatu: choo ni cha peke yako au cha wote? Chakula kimo kwenye nauli? Safari ikiahirishwa, unarudishiwa pesa?