Kufa kwa Ekra: Taa ya Nyuma katika Monita za Zamani

Katika Kiswahili cha Bukavu, kama kwingineko mashariki ya Kongo, chombo kilichoharibika husemwa kuwa kimekufa. Ekra, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa, nayo hufa. Usemi huo ni fasaha kwa wazungumzaji wake, lakini kwa monita bapa za zamani waweza kuficha jambo muhimu: mara nyingi kilichokufa si kioo cha picha, bali taa iliyo nyuma yake.

Kioo hicho kina fuwele za kimiminika, ambazo zenyewe hazitoi nuru. Kazi yake ni kuipitisha au kuizuia nuru itokayo nyuma. Kabla ya taa za LED kuenea, nuru hiyo ilitolewa na mirija myembamba ya glasi yenye mvuke wa zebaki. Mvuke hutoa miale ya urujuanimno, na unga uliopakwa ndani ya mrija huigeuza kuwa nuru nyeupe. Mrija huhitaji mamia ya volti, na huweza kuhitaji zaidi ya volti 1,000 unapoanza kuwaka. Umeme huo hutoka katika kigeuzi, kibao kidogo kinachopandisha volti chache, aghalabu 12.

Fundi huanza kwa kumulika tochi kimshazari juu ya kioo chenye giza, monita ikiwa imewashwa. Picha hafifu ikionekana, kioo ni kizima. Mwanga wenye wekundu huashiria mrija uliochakaa. Kapasita zilizovimba huashiria hitilafu ya umeme. Mwanga unaozimika baada ya sekunde mbili hauamui shauri: mrija mzima huunganishwa na kigeuzi kwa majaribio. Ukiwaka, mrija wa awali ndio mbovu.

Badala ya mrija, huweza kutiwa ukanda wa LED wenye urefu uleule pamoja na kibao chake, na kigeuzi cha zamani hutenganishwa. Tahadhari ni mbili: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na mrija ukivunjika humwaga zebaki, ambayo ni sumu.

Hivyo basi, kusema “taa imekufa” badala ya “ekra imekufa” si suala la msamiati tu. Kauli ya kwanza huipeleka monita kwa fundi. Ya pili huipeleka jalalani, pamoja na zebaki yake.