Wino wa Misumari

Mchora vibonzo wa kishikwambi ana uwezo ambao Christian Gregory, aliyemchora Chakubanga wa gazeti la Uhuru, hakuwa nao: kukuza picha. Unaweka vidole viwili juu ya kioo, unavitanua, jicho la mhusika linajaa mbele yako. Basi unaanza kuchora kope mojamoja, unatia na mishipa. Ukirudisha picha kwenye ukubwa wake, kazi yote hiyo imekuwa kidoa cha punje ya ulezi. Msomaji yuko kwenye basi la Tunduma, simu mkononi, anakiona kidoa na kupita.

Mimi nachorea hapa Sumbawanga, mtaa wa Katandala. Kishikwambi nilikinunua kwa fedha yangu, na inabidi niseme hivyo, maana tangu vile vya Sensa ya 2022 vigawiwe walimu, kila anayekiona ananiamkia, "Shikamoo mwalimu." Nakipenda. Rangi zake haziishi, na mstari usiopendeza unautendua kwa kidole. Ila huko kukuza picha kulikuwa kunanilia muda na kuzijaza kurasa zangu vitu ambavyo hakuna mtu anaviona. Ndiyo maana nikahamia karatasini kwa muda, nione hadithi moja itatokaje.

Hadithi yenyewe ni ya wafua chuma wa Ufipa, nchi yetu hii. Wazee wetu walijenga tanuru za udongo ziitwazo malungu, ndefu kupita mtu, nyingine zinakaribia meta tatu. Hazikuhitaji mivukuto. Zilikuwa na matundu chini, moto ukipamba unavuta hewa wenyewe kupitia humo, na mawe ya chuma yanaiva kwa mkaa. Magofu yake bado yapo wilayani Nkasi, na Bertram Mapunda, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyafanyia utafiti miaka ya 1990. Kwenye kioo, tanuru zangu zilitoka safi mno, utadhani zimepigwa plasta jana. Nilitaka nyufa.

Nikaanza na kalamu ya nibu, ile ya kuchovya. Nibu hazipatikani madukani hapa, niliagiza Dar es Salaam zikaletwa na basi. Babu, aliyesoma shule ya misheni enzi za kidau cha wino mezani, alinitazama ninavyohangaika akasema, "Mjukuu wangu, iburute. Usiisukume." Ncha ya nibu imepasuliwa katikati. Ukikandamiza, ndimi zake mbili zinaachana, wino unashuka na mstari unanenepa. Ukilegeza zinakutana, mstari unakonda. Ukiisukuma mbele inachimba karatasi na kutema matone. Kwa hiyo kuna pande ambazo mkono hauendi, na unalazimika kuizungusha karatasi. Kalamu ya kishikwambi haina habari hizo. Programu inapima nguvu ya mkono na kuchora upande wowote utakao, na mistari yake inafanana mno. Mistari ya nibu ina upande wa kwenda na upande wa kurudi. Nilipozungusha mstari wa tanuru, ulinenepa chini ukakonda juu bila mimi kupanga, na udongo ukaonekana mzito.

Kwa mistari minene nilichonga mwanzi. Watu wa pwani wana desturi ndefu ya kuandika kwa kalamu ya mtete, na kanuni ni ileile: kata kwa mshazari, pasua ncha kidogo. Mwanzi unakauka wino upesi na kuacha mkwaruzo. Huo mkwaruzo ndio nyufa nilizokuwa nazitafuta.

Wino ndio ulionishughulisha zaidi ya vyote. Duka la vifaa vya shule lilikuwa na wino wa mihuri tu. Huo haufai: umetiwa gliserini ili kidau cha mhuri kisikauke, kwa hiyo na kwenye karatasi unabaki unyevunyevu. Nikakusanya masizi ya koroboi, nikayasaga pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa. Ukapatikana weusi mzuri, kuliko wowote niliowahi kuuona, lakini ukipitisha brashi yenye maji juu yake unaamka wote na kuchafua ukurasa. Wino mweusi wa chupa unaouzwa kwa wachoraji nao kiini chake ni masizi. Tofauti ni kwamba aina nyingi hutiwa shelaki, utomvu wa wadudu wa India, na ukishakauka maji hayauondoi.

Wa tatu ndio nilioupenda. Chukua misumari isiyopakwa zinki, iloweke kwenye siki kwa siku kadhaa, kifuniko cha chupa usikikaze, kwa sababu kuna gesi inatoka. Pembeni chemsha chai ya rangi, kali kabisa, isiyotiwa sukari. Changanya. Chai ina tanini, siki imeyeyusha chuma, na viwili hivyo vikikutana vinageuka weusi. Lakini haugeuki wote papo hapo. Ukichora, mstari unatoka wa kijivu uliofifia. Hewa ndiyo inayoumalizia, na unazidi kukolea mbele ya macho yako. Kwa miaka mingi Ulaya waliandikia wino wa namna hii, wakipata tanini kwenye vinundu vya mti wa mwaloni. Ubaya wake ni asidi. Inakula nibu, na miaka ikipita inaweza kuitafuna hata karatasi. Nimekubali. Nachora wafua chuma kwa chuma, na ukurasa ukidumu hadi niupige picha unanitosha.

Rangi ya udongo nilifundishwa na shangazi, anayejua kupaka kuta za nyumba. Udongo mwekundu wa hapa umebeba kutu ya chuma. Unauponda, unautia kwenye ndoo ya maji, unakoroga, unasubiri mchanga utue, kisha yale maji mekundu unayamimina kwenye chombo kingine. Kinachotua humo ni unga laini. Ukiutia gundi unapata rangi ya maji ya kahawia, nayo ndiyo kivuli cha tanuru zangu zote. Mkaa wa jikoni nao niliujaribu kuchorea moshi wa tanuru. Ni mgumu na una chembe, afadhali kuchoma vijiti vyembamba ndani ya kopo lililofunikwa.

Kuna wenzangu wanaoniambia niagize brashi za manyoya ya Siberia, kwamba pasipo hizo hakuna kazi. Siwaamini sana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya kupakia baiskeli kwenye ubao mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, vitu vya dukani, na ule mng'aro ndio uliokuja kuitambulisha kazi yake duniani.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inasambaza wino, hasa wakati wa mvua inapovuta unyevu. Manila inavumilia. Upande wa ukubwa, Marekani huchora kurasa za vibonzo kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17 kisha zinapunguzwa kiwandani hadi kama theluthi mbili. Kupunguza kunaficha mtetemo wa mkono. Msomaji wangu hana gazeti, ana simu yenye upana wa sentimeta saba hivi. Nikachora kila chumba cha picha mara mbili ya upana huo, basi. Kwa nibu yenye mstari wa nusu milimeta, macho ya mfua chuma yakawa nukta mbili, maana hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Umeme ukikatika, naendelea kwa mwanga wa dirisha.

Kishikwambi kinarudi mwishoni. Mchoro wa awali naupiga kwa penseli ya buluu hafifu. Zamani kamera za viwanda vya magazeti hazikuiona rangi hiyo. Sasa naiamuru programu iifute. Picha naipiga kwa simu siku ya mawingu, ili kivuli changu kisiingie, na maneno nayaandika kwenye kioo, kwa sababu mwandiko wangu haumfai msomaji yeyote.

Kurasa za kwanza nilizituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Maswali yakawa juu ya tanuru: mbona haina mivukuto, hewa iliingiaje. Mmoja akabisha, mwingine wa Namanyere, kulekule Nkasi, akamjibu kabla yangu. Sasa hivi nashughulikia mkaa, unaofutika ukiguswa. Van Gogh aliizuia michoro yake ya penseli isifutike kwa kuimwagia maziwa yaliyochanganywa na maji, nami nataka kujaribu. Mama ameshaniambia maziwa ya nyumba hii ni ya chai, nitafute ng'ombe wangu.