Wanaume 14, wanawake saba: hesabu isiyolingana

Utafiti wa kitaifa kuhusu mwenendo wa kujamiiana nchini Uingereza, uliowahoji watu 15,162 wenye umri wa miaka 16 hadi 74 kati ya mwaka 2010 na 2012, uliibua kitendawili. Kwa wastani, wanaume walisema wamewahi kuwa na wenzi 14 wa jinsia ya pili maishani. Wanawake walitaja saba.

Kila mwanamume anapopata mwenzi mpya wa kike, mwanamke huyo naye amepata mwenzi mpya. Wastani wa pande hizo mbili ungepaswa kukaribiana.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ulibainisha sababu tatu. Kwanza, wanaume wachache waliotaja idadi kubwa mno huvuta wastani juu: asilimia moja yao walitaja wenzi 110 au zaidi, wakati kwa wanawake kiwango hicho kilianzia 50. Pili, wanaume walielekea zaidi kukisia badala ya kuhesabu: kati ya waliotaja wenzi watano hadi tisa, asilimia 24 ya wanaume walikisia, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wanawake. Tatu, wanawake zaidi hulaani mapenzi ya kupita, hivyo huenda wengine walipunguza idadi.

Mambo hayo yalipozingatiwa, pengo la wenzi saba lilishuka chini ya watatu.

Suala hili si la udaku. Takwimu hizo hutumika kukadiria kuenea kwa magonjwa ya zinaa; zikipotoka, nayo mipango ya tiba na kinga hupotoka.